Moyo Ulioachwa Mkuyuni

Maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyoyajua yalikuwa ya amri. Njoo. Ondoka. Simama. Kaa chini. Toa mkono mfukoni. Nilikulia katika kambi ya jeshi mjini Jinja, baba yangu akiwa fundi wa magari, na pale kambini Kiswahili ndicho kilichotukusanya sisi watoto: Waacholi, Walugbara, Wateso, na Waganda wachache tuliokuwapo. "Wewe nakwenda wapi?" "Mimi hapana jua." "Kuja hapa mbio." Hivyo ndivyo tulivyosema kutwa nzima. Tulicheza kwa lugha hiyo, tukagombana na kupatana, wala hakuna aliyehisi kwamba kuna kilichopungua.

Mimi nilikuja kuhisi nikiwa mtu mzima, tena msibani. Nilikuwa nimehamia mtaa wa Walukuba, pale pale Jinja, na jirani yangu, mzee aliyeendesha malori kutoka Mombasa hadi Kampala kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, alifiwa na mkewe. Mama yule alikuwa amenilisha mara nisizoweza kuzihesabu. Nikaenda, nikapiga magoti mbele ya mzee, nikasema, "Pole sana, Mzee." Akajibu kwa sauti ya chini, "Tumeshapoa, mwanangu. Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

Nikabaki pale pale, magoti chini. Sikujua kama jibu lile nalo lilingojea jibu. Sikujua "ametwaa" ni nini, ingawa Luganda yangu ilikuwa ikininong'oneza kitu kuhusu okutwala. Nilitaka kumwambia kwamba mkewe alikuwa mama kwangu, kwamba mlango wake haukuwahi kufungwa nilipopita nikiwa na njaa. Katika Kiswahili changu chote, nilichokisema tangu nikiwa na miaka mitatu, sikupata neno la kufaa mahali pale. Nikarudia, "Pole sana," nikatoka nje nikalia, na sehemu ya kilio kile ilikuwa ya aibu.

Wiki ile ile nikanunua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, nikajiwekea kanuni: maneno kumi kila siku, kuanzia A. Abiri. Abudu. Ada. Adha. Adibu. Baada ya mwezi daftari lilikuwa limejaa na kichwa kiko vile vile. Neno lililopangwa peke yake kwenye mstari halina ndugu wala jirani; ukifumba macho, limeshakutoka. Nilikuwa nimekariri maneno mengi yaanzayo na A, na sikuwa na sentensi hata moja ya kuyatia.

Mzee aliliona lile daftari siku moja nilipompelekea uji. Akalipindua kurasa mbili tatu, akauliza, "Unatafuta nini humu, mwanangu?" Nikamweleza. Akalifunga taratibu, akasema, "Kwani hujapata kusikia kisa cha Mwalimu Goso?"

Sijapata. Akanisimulia pale pale barazani. Nilielewa nusu, na ile nusu nyingine ikaniwasha kiasi kwamba nikaanza kuitafuta hadithi yenyewe katika maandishi. Nikaipata katika kitabu cha Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu huko Unguja. Aliandika hadithi kama alivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, akazichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoelekeana nao. Nilizitolea nakala Wandegeya, Kampala, mahali ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere hunakili kila kitu. Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kukata kipande cha karatasi ngumu na kuufunika upande wa Kiingereza. Bila karatasi ile jicho huteleza lenyewe. Unadhani umesoma Kiswahili, kumbe umesoma Kiingereza na Kiswahili umekitazama tu.

Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa akaja, akapanda juu ya mti kuiba matunda, buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa.

Nilisoma mahali pale mara tatu. Kwangu mimi paa lilikuwa lile la nyumba, la mabati. Paa linapandaje mti? Kilichonifungua ni herufi moja tu. Lingekuwa paa la nyumba, lingesemwa "likaja." Hapa "akaja," kwa hiyo kiumbe hiki kina roho. Sisi tuliozaliwa katika lugha za Kibantu tunayo faida hii na hatuitumii: sikio letu linajua upatanisho kabla akili haijaujua. Neno geni linapokuja mbele yetu, viambishi vyake vinatuambia kama ni mtu au mti, kimoja au vingi. Nikamwuliza Mzee, akanionyesha kwa kiganja urefu wa mnyama mwenyewe, mdogo kuliko mbuzi, miguu myembamba, mwoga. Nikamjua: wa jamaa ya entalaganya wetu. Tangu siku ile sijapata kumsahau paa, wala sikuhitaji kumwandika daftarini.

Lakini utamu wa Goso uko mbele. Watoto wanamzika mwalimu wao, kisha wanaanza kumtafuta aliyemwua. Kwanza wanamkamata kusi, maana upepo ndio uliodhaniwa kuangusha buyu. Kusi anajitetea: kama ningekuwa mkubwa, ningezuiwa na kiambaza? Wanamwendea kiambaza. Naye: ningekuwa mkubwa, ningetobolewa na panya? Panya anasema analiwa na paka. Paka anafungwa na kamba. Kamba inakatwa na kisu. Kisu kinaunguzwa na moto. Moto unazimwa na maji. Maji yananywewa na ng'ombe. Ng'ombe anasumbuliwa na mdudu, na mdudu analiwa na paa. Paa anapoulizwa, hana la kusema. Kimya chake ndicho hukumu yake.

Haya nimeyasema kwa maneno yangu, ila mnyororo ndio huo. Sasa tazama kilichofichwa ndani yake. Zuiwa, tobolewa, liwa, fungwa, katwa, unguzwa, zimwa, nywewa: kauli ya kutendwa yote imepangwa pale kama samaki kwenye ujiti, pamoja na zile mbili ngumu, "liwa" na "nywewa," ambazo mimi nilikuwa sijawahi kuzitamka maishani. Kambini maji hayakunywewa na mtu. "Yeye nakunywa maji," basi, yamekwisha. Tena kila hatua watoto wanarudia shitaka lao lote tangu mwanzo, kwa hiyo neno ulilokutana nalo juu ya ukurasa utakutana nalo tena na tena kabla ya kufika chini. Aliyeitunga hadithi hii, bibi fulani wa pwani labda, alijua jambo ambalo wataalamu wamekuja kulipima baadaye.

Mwaka 2000 Hu na Paul Nation, huyu wa pili akiwa mtaalamu wa msamiati kutoka New Zealand, walichapisha utafiti kuhusu kusoma hadithi bila msaada, wakaona kwamba msomaji anahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Ndiyo kusema neno geni moja katika kila maneno hamsini. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na neno geni karibu kila mstari. Kama ingekuwa riwaya ningeitupa. Kisa cha Goso ni kifupi, nikaweza kukisoma mara sita kwa juma moja, na kufikia mara ya sita ile asilimia ilikuwa imejijaza yenyewe. Hii ndiyo sababu yangu ya kushikilia hadithi fupi za zamani kwa anayeanza. Riwaya inakudai uvumilivu wa miezi. Hadithi fupi unaimaliza leo, kesho unairudia ukiwa mtu mwingine kidogo.

Kusi na kiambaza nilivikalia zaidi. Sisi wa Nalubaale, lile ziwa wageni waliloliita Victoria, upepo kwetu ni upepo. Mzee alinieleza kwamba pwani pepo zina majina na majira: kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka, kaskazi hushuka kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, na majahazi ya Arabuni na India yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Biashara nzima ya bahari ile ilikaa ndani ya maneno mawili ambayo mimi niliyajua kwa maana ya pande za ramani tu. Na kiambaza? Ukuta wa fito na udongo. Nilikuwa nikisema "ukuta" kwa kila kitu, wa matofali, wa mawe, wa ofisi. Nyumba ya jajja, yaani bibi yangu, niliyolala nikiwa mdogo ilikuwa ya viambaza vitupu, na sikuwa na jina la kuviita.

Maneno makubwa si kitu, utayapata. Madogo ndiyo yaliyonisumbua na kunineemesha. Chukua "hata siku moja." Nilijua maana yake: kamwe. Sijaiba hata siku moja. Nikaingia katika hadithi za kale nikakuta "Hata siku moja papa akamwambia kima," nikadhani papa hakusema kitu. Nikasoma kisa kizima kichwa chini miguu juu. Kumbe "hata" ya masimulizi ni ya kufikia, kama kusema siku zilikwenda mpaka ikafika siku moja. Au ile "-ka-." Kambini tulisema, "Yeye nafika, naona nyoka, nakimbia." Katika hadithi akafika, akaona nyoka, akakimbia, na kila "-ka-" inalishika mkono tendo lililotangulia. Nilipoipata "-ka-" nilijihisi kama mtu aliyekuwa akibeba matofali moja moja, akapewa toroli.

Halafu kumbe, ati, hebu, basi, la hasha, niwie radhi. Kamusi inaweza kukuambia "kumbe" ni neno la kuonyesha mshangao. Mahali pa kuliweka haiwezi kukuonyesha. Mahali hapo hupatikana kwa kulikuta likiwa kazini, mara kumi, mara ishirini, kinywani mwa mtu aliyedanganywa au aliyegundua jambo.

Taratibu zangu ni chache. Nasoma mara ya kwanza bila kamusi, penseli mkononi, napiga mstari chini ya nisiyoyajua, sisimami. Mara ya pili nakisia kwa majirani wa neno. Mara ya tatu ndipo nafungua kamusi, na hapo sitafuti yote. Nachagua yale yanayoshika mlango wa hadithi. Daftarini siandiki neno, naandika sentensi yake nzima. Kesho yake namsimulia mtu kisa kile bila kukitazama. Ninapokwama, pale ndipo palipo na neno ambalo bado si langu.

Mtu wa kumsimulia alikuwa Mzee. Yeye ndiye aliyeniambia ni lipi limeshazeeka ("hilo aliwahi kulisema bibi yangu, wewe usende nalo sokoni") na lipi lingali hai. Kwa jumla yaliyokufa ni machache kuliko nilivyoogopa. Kiswahili cha Unguja, hicho hicho cha hadithi za Steere, ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kabla Kamati ya Lugha haijaundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Uganda, ndiyo, tulikuwamo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1950 kamati hiyo ilikaa Makerere, juu ya kilima kile kile ninachokiona ninapokwenda kutoa nakala. Nilipolijua hilo nilishangaa jinsi tunavyokizungumzia Kiswahili hapa kana kwamba kiliingia jana kwa basi.

Miezi minne baada ya msiba nilimwendea Mzee jioni, nikapiga magoti kama siku ile. Nikasema, "Mzee, niwie radhi. Siku ile nilikosa maneno. Marehemu alinilea, na sikukuambia." Alikaa kimya. Kisha akasema, "Nilikusikia, mwanangu. Tangu siku ile nilikusikia." Hapo ndipo nilipoamini kwamba maneno yamekaa.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu kwetu lugha hii imetangulizwa kwa amri kwa muda mrefu mno. Ilisemwa na askari wa mkoloni. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa kwa tamko lake. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakaifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mimi nafurahi, sana. Lakini neno "lazima" linanitia hofu. Mtoto wa Masaka au wa Mukono ambaye nyumbani ameambiwa Kiswahili ni lugha ya wezi na wanajeshi, ukimletea orodha ya ngeli na msamiati wa ofisini, umemthibitishia alichoambiwa. Mpe Goso kwanza. Mpe Abunuwasi aliyeazima sufuria, akairudisha na kisufuria kidogo, akasema imezaa. Na alipoiazima tena akaja kusema imekufa. Mtoto wa Kiganda anajua sefuliya, anajua okuzaala, anajua okufa. Atacheka kabla mwalimu hajafafanua neno, na baada ya kicheko kile lugha haiwezi tena kuwa ya mtu mwingine.

Nilijuaje kuhusu hofu hiyo ya nyumbani? Kwa jajja, mama yake baba. Yeye alikuwa Luweero wakati wa vita vya miaka ya 1980. Kiswahili chake chote kilikuwa vipande vitatu: Fungua. Toka nje. Lala chini. Vilikuja usiku, vikiwa nyuma ya mlango. Maisha yake yote yaliyofuata, redio ikianza kusema Kiswahili, huinuka akaizima, bila hasira, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza. Baba alipokuwa hai hakuwahi kuisema lugha ya kazi yake ndani ya nyumba ya mama yake.

Mwaka jana nilikwenda kukaa naye siku chache. Umeme ulikuwa umekatika, nami nilikuwa nasoma kwa taa ya betri, kisa cha kima na papa, kile ambacho kwa Steere kinaitwa cha punda wa dobi. Akauliza nasoma nini. Nikamwambia, habari za nkima.

Ukoo wetu ni wa Nkima, yaani kima kwa Luganda. Jajja aliolewa katika ukoo huo, akazaa na kulea wana wa Nkima, na mnyama huyu kwake si mnyama wa kawaida. Akajivuta karibu. "Nisomee." Nikasema, "Jajja, ni Kiswahili." Kimya kikapita. Nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi aliposema, "Si umesema ni nkima? Nisomee tu."

Nikasoma polepole, nikitafsiri pale tu alipogusa mkono wangu. Mkuyu hakuujua mpaka nilipomwambia ndio ule aliopanda Zakayo. Pale akatikisa kichwa, maana Zakayo anamjua vizuri. Kima alikaa mkuyuni akimtupia papa matunda kila siku. "Paapa? Wa Roma?" Hapana Jajja, huyu ni samaki mkubwa wa baharini, ana meno. Mti, maji, njaa, nyumba: haya yalipita bila kunigusa mkono, na nikaona uso wake unaanza kufuata. Papa anamwalika kima kwao. Kima anapanda mgongoni. Katikati ya bahari papa anamwambia ukweli: mfalme wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

"Walimwua?" akauliza Jajja, haraka.

Ngoja. Kima akafikiri, akamwambia papa, mbona hukusema mapema? Sisi kina kima hatutembei na mioyo yetu. Tunaiacha mitini. Nirudishe nikauchukue.

Jajja akanigusa mkono. "Ameacha omwoyo wake mtini?"

Ndiyo.

"Sasa anaishije bila omwoyo?"

Ikanichukua muda kuelewa kwamba tulikuwa tunasema mambo mawili. Kwa Luganda omwoyo ni roho. Kima wa Jajja alikuwa ameacha roho yake mkuyuni na anaogelea akiwa maiti. Nikamweleza kwamba Waswahili wakisema moyo, ni hiki kinachodunda, omutima. Akafikiri. "Kwa nini basi wasiseme omutima?"

Nikakumbuka kwamba wanasema. Katika mashairi yao wana neno la zamani, mtima, na maana yake ni hiyo hiyo. Nikamwambia.

"Mtima," akasema Jajja. Akalirudia, akilijaribu mdomoni bila ile o ya mwanzo. "Mtima. Kumbe nao wanao."

Ile "kumbe" ilitoka kwa Kiswahili, na sidhani kama mwenyewe alijua. Nilitaka kumwambia, nikaacha.

"Haya, soma," akasema. "Wamefika mtini au bado?"

Nikaisogeza taa, nikasoma mahali kima anaporuka kutoka mgongoni mwa papa na kushika tawi.